Kituo cha Saba

Julai. Saa moja asubuhi, uwanja wa shule, Kibosho.
Ukungu umeshuka mpaka kwenye usukani.
Tuko thelathini na wanne, tunapuliza vidole,
na Mwalimu Ndekirwa anatugawia ramani kifudifudi
kama karatasi za mtihani.

Masharti matatu: usivuke uzio wa mtu,
usibomoe kingo za mfongo,
usiulize njia.
Hilo la tatu nani alilitunga?
Huku kwetu hupiti kama upepo. Unasalimia,
na ukisalimia unaulizwa utokako, uendako,
na ukiulizwa utaelekezwa, utake usitake.
Mama mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe
alituuliza tumepoteza nini.
"Kitambaa cha rangi ya chungwa," nikamjibu.
Akatupa pole.

Cha kwanza, cha pili, cha tatu: kadi inatobolewa,
kra, kra, kwa koleo lililofungwa kwenye mbuni.
Tope jekundu limejaza breki, mnyororo unatafuna mchanga,
glovu zangu za sufu zimelowa; nazibana kwapani
kila tunaposhuka kusukuma.
Sikudhani yuko mbele. Mtoto wa Pasua, wa tambarare,
kupanda hajui, ila kusoma anajua:
ramani kwenye kibao, dira kidoleni,
anahesabu mistari ya miinuko kwa sauti
kama anayehesabu chenji.

Tulipofikia cha saba nikamwambia: hapa niachie mimi.
Hapa ndipo nilipozaliwa. Kihamba kile cha babu,
mringaringa kwenye kona, unakata kushoto,
halafu kichochoro cha masale mpaka mtoni.
Funika ramani yako.

Tulishuka. Masale yalikuwepo. Mringaringa haukuwepo.
Tukashuka tena. Migomba, halafu ukuta wa matofali
wenye vigae vya chupa juu, halafu mbwa asiyenijua,
halafu migomba.
Baridi ikaingia kwenye magoti ikakaa.
Nikasema, tunakaribia. Nikasema tena.
Niliapa kwa daraja la magogo
ambalo lilikuwa halionekani.

Ndipo ukungu ukafunguka, punde tu,
kama mtu anayevuta pazia kuona nani anabisha hodi,
na Kibo kikatokea kulia kwetu.

Mimi nilikuwa nimekiweka kushoto.

Sikudhani hakucheka. Alifuta ramani kwa mkono wa sweta,
akailaza kwenye tandiko, akaweka dira juu yake.
Sindano ilitetemeka, ikatulia.
"Mto ni huu," akasema,
"ila si huo wako."

Miaka kumi na tisa nimekuwa nikirudi huku usiku,
nimelala Sinza, feni inazunguka,
napita lango kwa lango, mfongo kwa mfongo, sikosei.
Kumbe kila usiku nilikuwa naihamisha njia
kidogo.

Tukageuza. Tukapanda tulikoshukia, baiskeli begani,
yeye akitaja digrii, mimi nikitii,
nikikanyaga shamba la babu kama mgeni mwenye adabu.
Saa tano na dakika ishirini tukakiona kitambaa,
kimelowa, kimefungwa kwenye kisiki kipana.
Sikuuliza kisiki cha mti gani.
Nilitoboa kadi. Mkono ulikuwa umekufa ganzi,
nikatoboa mara mbili.

Wa ishirini na tisa.
Mtori ulikuwa umebaki chini ya sufuria,
una harufu ya kuungua, na mtamu.
Tulikula tumesimama, tope linakauka miguuni
na kutuvuta vinyweleo.
Nikamwomba ramani, nikae nayo.
Akanipa, akalamba kijiko, akanitazama.

"Wiki ijayo ni Machame," akasema.
"Huko hukuzaliwa, si ndiyo?"